Mtego wa umeme, tone la damu, na hesabu ambayo hatufanyi

Leo sileti habari za ajira wala za matokeo. Nimeleta ukosoaji wa makala mbili za sayansi, zile ambazo wadogo zetu wa fizikia na wa biolojia wanapenda kuzitaja ndani ya TFC zao. Mnivumilie kidogo juu kuna hesabu ndani. Ni hesabu ya mwaka wa pili, haiumi mutu.

Makala zote mbili ni za 2017, zote zimetoka Marekani, na zote zinashika wazo moja: umeme unaweza kukusanya chembe ndogo sana, zile za kipimo cha nanomita, zikae mahali pamoja ili kifaa kizione ata kama ni chache. Ya kwanza ni ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ilitoka kwenye Nature Communications, na mtego wao ni ukingo wa grafeni. Ya pili ni ya kundi la Michael Heller, mtu aliyefanya kazi hii miaka mingi pale San Diego. Ilitoka kwenye ACS Nano, na wao walikusanya eksosomi, yaani vifuko vidogo ambavyo seli zinavitupa ndani ya damu.

Hukumu yangu naiweka mbele kabisa. Ile ya kwanza ndiyo nzuri zaidi kwa macho, njo maana inatajwa sana. Ile ya pili haina urembo, lakini iko karibu zaidi na mgonjwa. Na zote mbili zinaacha swali moja bila jibu, swali ambalo muuguzi wa Beni au wa Mbandaka angeliuliza kabla ya kumaliza kahawa yake: hiyo sampuli mumechukua ni kiasi gani?

Kwa nini jambo hili lituhusu? Sisi tulipitia Ebola ya 2018 hadi 2020, Kivu Kaskazini na Ituri, na kidogo kule Mwenga. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wengi wanakumbuka ile kanuni iliyokuwa inaleta ugomvi na familia: mtu mwenye dalili akipimwa ndani ya siku 3 za kwanza na jibu likatoka négatif, haachiliwi. Anabaki kituoni, anapimwa tena baadaye. Mama yuko nje ya uzio anauliza, "Si mumesema hana? Mbona hamumurudishi?" Jibu la kweli lilikuwa gumu kulisema kwa mutu mwenye hofu: katika siku za mwanzo virusi vinaweza kuwa vichache mno ndani ya damu, kipimo kikavipita bila kuviona. Donc mtu akisema amepata njia ya kuona chembe chache, miye nasikiliza. Ila pia nasoma kwa jicho kali.

Bon, tuanze na wazo lenyewe. Chukua bic, isugue kwenye nywele, iweke karibu na vipande vya karatasi. Vinaruka kuifuata. Karatasi haina chaji, iko neutre kabisa, sasa inavutwa na nini? Ule uga wa umeme, champ électrique ya auditoire, unasogeza chaji ndani ya karatasi: upande mmoja unakuwa chanya, mwingine hasi. Kama uga ungekuwa sawa kila mahali, pande mbili zingevutwa kwa nguvu sawa na karatasi ingebaki palepale. Lakini karibu na bic uga ni mkali kuliko mbali, basi upande wa karibu unashinda. Hiyo ndiyo dielektroforezi. Jina lilitolewa na Mmarekani Herbert Pohl mwaka 1951, na mwaka 1978 akaiandikia kitabu kizima.

Shida yake iko hapa: nguvu hiyo inafuata ujazo wa chembe. Chembe ikipungua unene mara 10, nguvu inapungua mara 1,000. Wakati huohuo molekuli za maji hazichoki kuigonga huku na huku. Kwa hiyo ukifika kwenye virusi, na zaidi kwenye protini, mvuto unakuwa kama mutu mmoja anayeita jina lako katikati ya soko la Kadutu. Unasikia kama ameweka mdomo kwenye sikio, bila hivyo hapana. Ata hivyo, mwaka 1994 Masao Washizu na wenzake wa Japani walionyesha kwamba protini zinaweza kukusanywa kwa njia hii. Tangu hapo mashindano yakawa ya kutengeneza elektrodi zenye ncha kali zaidi, juu kwenye ncha ndipo uga unabadilika haraka.

Hapo njo Minnesota wanaingia, na hapa lazima niwape haki yao. Grafeni ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja. Ukiikata, ukingo wake ni wembe ambao hakuna wembe mwingine wa kuushinda, juu huwezi kuwa mwembamba kuliko atomu. Mistari ya uga inajazana pale kama kwenye paratonere ya kanisa. Waliweka grafeni juu ya tabaka la oksidi ya hafniamu lenye nanomita 8, chini yake elektrodi, na wakapata nguvu mara 10 kuliko kwa elektrodi za chuma. Kwa volti 0.45 tu walinasa almasi za nano, shanga za plastiki na DNA, ndani ya sekunde. Volti 0.45 ni chini ya betri ya saa ya ukutani. Kwa kweli hiyo kazi ni safi, na mwenye kuipuuza hajui ugumu wake.

Na ile volti ndogo si pambo. Ramos, Morgan, Green na Castellanos walionyesha mwaka 1998 namna ya kukadiria joto kati ya elektrodi mbili: linapanda kwa mraba wa volti, mara upitishaji umeme wa maji. Tufanye wenyewe. Maji yenye chumvi kama ya mwili yanapitisha karibu simens 1.5 kwa mita. Weka volti 10, joto linapanda kama digrii 31 juu ya lile la chumba. Hapo protini nyingi zinakaribia kuharibika, umepika ulichotaka kukipima. Weka 0.45, joto linapanda chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Tofauti hiyo ni kubwa, na nashangaa wanaotaja makala hii hawaitaji kamwe. Wanataja "atomu moja" juu inapendeza kwenye ukurasa wa kwanza.

Sasa lawama. Waandishi wenyewe wanaanza kwa kusema vipimio vya aina hii vinazuiliwa na mwendo wa kutangatanga wa molekuli mpaka zifike juu ya kipimio. Ni kweli kabisa. Paul Sheehan na Lloyd Whitman walishalipigia hesabu jambo hilo mwaka 2005: kipimio kidogo cha nano, kisipokuwa na kitu cha kukiletea molekuli, kinakwama kwenye kipimo cha pikomola, ata kama chenyewe kina uwezo wa kuona molekuli moja. Hakina kosa. Kinangoja mgeni ambaye hafiki.

Lakini mtego wenye ukingo mkali unavuta kwa umbali mdogo sana, mikromita chache hivi. Ukali wake na ufupi wake ni kitu kimoja: uga unaobadilika haraka ni uga unaoisha haraka. Donc makala imelitaja tatizo la safari nzima, kisha imetatua mita ya mwisho, pale mlangoni. Na zile sekunde? Tupige hesabu. Tuseme mililita moja ina chembe bilioni moja. Kati ya chembe na jirani yake kuna kama mikromita 10. Popote utakapoweka mtego, kuna chembe inapita karibu, basi bila shaka utainasa kwa sekunde. Sasa chukua mgonjwa wa siku ya pili, tuseme ana chembe 1,000 kwa mililita. Jirani sasa yuko milimita moja mbali. Chembe ya nanomita 100, ikiachiwa itangetange yenyewe ndani ya maji ya kawaida, inahitaji kama saa 32 kumaliza milimita hiyo. Saa 32! Mtego wako wa atomu moja unangoja palepale, umewashwa, haukosi kitu, na hakuna anayekuja.

Sisemi kwamba wamedanganya. Walichosema ni kweli kwa walichopima. Kosa ni la sisi wasomaji tunaobeba "ndani ya sekunde" kutoka kwenye maji yaliyojaa shanga na kuipeleka kwenye damu isiyo na kitu karibu.

Na kuna chumvi. Hapa naomba wale wa fizikia wakae sawa. Mvuto wa dielektroforezi una alama, plus ao moins. Chembe ikipitisha umeme kuliko maji yaliyoizunguka, inavutwa kwenye ukingo. Ikipitisha kidogo kuliko maji, inafukuzwa. Shanga ya plastiki ya nanomita 200 hivi inapata upitishaji wake kutoka kwenye ngozi yake tu, na ukikadiria unapata karibu simens 0.02 kwa mita. Ndani ya maji safi ya labo inashinda, inavutwa vizuri. Ndani ya chumvi ya mwili yenye 1.5, imeshindwa mara sabini na zaidi. Mtego uleule unageuka fimbo ya kufukuzia. Kwa hiyo picha nzuri ya shanga zinazong'aa zilizojipanga kwenye ukingo haituambii lolote juu ya damu mpaka mtu aseme maji yake yalikuwa na chumvi gani. Ni nambari moja tu. Kwenye TFC nilizopitishiwa kusoma, nambari hiyo haipo.

Twende San Diego. Hawa wana sifa moja inayonifurahisha: walianzia kwenye chumvi. Tayari mwaka 2008 kundi la Heller lilikuwa linatenga DNA ndani ya maji yenye chumvi nyingi, wakati wengi walikuwa wanasema haiwezekani. Katika makala ya 2017 wanachukua plasma ya binadamu bila kuichanganya na maji, mikrolita 30 hadi 50, wanaiweka juu ya safu za elektrodi ndogo, wanapitisha umeme unaogeuka upande. Kwa dakika 15 eksosomi zinakuwa zimejikusanya kuzunguka elektrodi. Wanaosha, takataka za plasma zinaondoka. Kazi yote, na kuangalia kwa mwanga, haifiki dakika 30. Eksosomi hizo ni za saratani ya ubongo, glioblastoma, na zina nanomita 50 hadi 150. Hapo tuko kwenye kipimo cha virusi.

Mwanafizikia atauliza, na mimi niliuliza: kama chumvi inageuza alama, mbona hizi zinakuja badala ya kukimbia? Eksosomi si shanga ya plastiki, ina utando na chaji zake, hiyo moja. Pia kwenye masafa ya chini kuna mambo mengine yanayotokea karibu na elektrodi, na lile joto tulilolilaumu hapo juu linafanya kazi ya pousse-pousse: maji ya moto na ya baridi yanapitisha umeme tofauti, uga unayasukuma, yanazunguka, na mzunguko huo unabeba chembe za mbali kuzileta jirani. Joto ni adui na ni mbebaji pia. Ningependa makala ingesimama hapo zaidi. Inatuonyesha kwamba imefanya kazi, haituambii vya kutosha ni nguvu gani iliyofanya. Kwa mwenye kutaka kujenga yake Bukavu au Lubumbashi, hilo ndilo jambo la kwanza kulijua, juu bila hilo huwezi kubadilisha kitu bila kuharibu.

Lakini lawama yangu kubwa kwao ni ile mikrolita 50. Wameiandika kama sifa: "tunahitaji sampuli ndogo." Kwa mtoto mchanga, sawa, ni sifa. Kwa ugonjwa ambao unautafuta mapema, ni mzigo. Chukua mtu mwenye chembe 20 kwa kila mililita ya plasma. Ndani ya mikrolita 50 kuna wastani wa chembe moja. Wastani! Sheria ya Poisson, ile tuliyoifanyia mtihani tukaisahau, inasema katika wagonjwa 100 wa namna hiyo, kama 37 hawatakuwa na chembe ata moja ndani ya tone lililochukuliwa. Ukichukua mikrolita 30, wanakuwa 55. Weka grafeni, weka dhahabu, weka umeme wa Inga yote: huwezi kukusanya kitu ambacho hakimo. Hao watu 37 wanaambiwa négatif na kifaa kisicho na kosa lolote.

Neno "kukusanya" linatudanganya hapo. Kuna kukusanya chembe za tone moja zikae kwenye ncha moja, na kuna kukusanya chembe za mililita nyingi ziingie kwenye tone moja. Makala zote mbili zinafanya la kwanza. Mgonjwa wa siku ya pili anahitaji la pili.

Sasa niwape jambo la tatu la 2017 hiyohiyo, ambalo hakuna aliyelipigia makofi pale chuoni. Mwezi wa 3 mwaka huo OMS ilikubali katriji mpya ya GeneXpert kwa kifua kikuu, inayoitwa Ultra. Mashine hizi tunazijua, ziko kwenye mikoa mingi ya nchi, na katika Ebola zilitumika pia na katriji yao nyingine. Mikroskopi ya zamani inahitaji bakteria 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ya makohozi ndipo ione. Xpert ya kwanza ilishuka mpaka mia na kitu. Ultra ikafika kama 16. Walifanya nini, uchawi? Hapana. Walipanua chumba cha kuzidishia DNA kutoka mikrolita 25 hadi 50, na wakachagua vipande vya DNA ambavyo bakteria anavyo nakala nyingi, badala ya kipande kimoja. Na kabla ya hapo, ndani ya katriji, mililita 2 za makohozi yaliyoyeyushwa zinapita kwenye kichujio, bakteria wanabaki juu yake, wanaoshwa, wanapasuliwa kwa sauti kali. Kichujio! Kitu ambacho mama anafanyia chai. Hicho njo kukusanya kwa maana ya pili: mililita nzima imeingia kwenye tone.

Kichujio hicho kinamfaa bakteria juu ni mkubwa, mikromita moja na zaidi. Virusi vinapita kati ya matundu yake, ao ukitumia matundu madogo zaidi plasma inayaziba. Hapa ndipo umeme una nafasi yake ya kweli, na ndiyo maana sitaki mtu aondoke akisema nimetupa kazi ya Minnesota na San Diego. Ningependa kuona mililita 5 za plasma zinapita polepole juu ya safu ndefu ya elektrodi za volti ndogo, umeme unashika, plasma inaendelea. Nguvu ya grafeni, chumvi ya San Diego, ujazo wa GeneXpert. Kuna kazi ndani yake, na ugumu: kadiri maji yanavyopita kwa kasi, ndivyo yanavyong'oa chembe kwenye mtego. Huo ndio mvutano ambao TFC nzuri ingeupima, badala ya kupaka tena shanga rangi ya kijani.

Na jambo la mwisho, fupi. Umeme haujui jina la mtu. Unashika kwa ukubwa na kwa umbile la chembe, haujali kama ni kirusi ao kifuko cha seli nzima. Plasma ya mtu mwenye afya imejaa vifuko na mafuta ya kipimo hicho, mamilioni kwa mamilioni, na yote yanakuja kwenye elektrodi pamoja na kile kimoja unachokitafuta. San Diego wanajua, njo maana wanaleta antibodi baada ya kukusanya, ili wajue ni nani aliyefika. Minnesota hawakuhitaji, juu ndani ya maji yao mlikuwa na kile walichokiweka wenyewe. Ata Ultra, pamoja na uzuri wake, inaweza kumwambia positif mtu aliyepona kifua kikuu zamani, kwa sababu inaona DNA ya bakteria waliokwisha kufa. Kwa Ebola, positif ya uongo maana yake ni kumlaza mtu mzima kati ya wagonjwa.

Kwa hiyo mdogo wangu anayeandika juu ya mitego hii mwaka huu, nikiwa kwenye juri nitakuuliza mambo manne, na nakuambia sasa ili usiseme nilikuvizia: mililita ngapi zimepita, chumvi kiasi gani, chembe ngapi zilikuwa ndani kabla ya kuanza, na nini kingine kilinaswa pamoja nazo. Rangi ya picha sitauliza.